Kilomita nyingi si michango mingi

Nimesoma habari ya mwendesha pikipiki anayesafiri mbali ili kuchangisha fedha za hisani. Eti kadiri anavyokwenda mbali ndivyo michango inavyoongezeka? Sikubaliani. Nimewahi kupanda gari la msaada, lile linalomfuata mwendeshaji, kwenye safari ya namna hii. Fedha nyingi ziliahidiwa na watu waliomfahamu mwendeshaji, tena kabla injini haijawashwa. Njiani watu walipiga picha na kupunga mikono, basi. Umbali huongeza gharama: mafuta, malazi, tairi la nyuma (linalokwisha upesi kuliko la mbele), mnyororo unaodai kulainishwa kila baada ya kilomita 500 hadi 1,000. Habari niliyosoma haisemi kama gharama hizo zinatoka mfukoni mwa mwendeshaji huyo au kwenye michango yenyewe. Nyinyi mnaochangia, huwa mnauliza?