Mbeleko, macho na zamu ya mtoto

Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inasisitiza malezi yenye mwitikio: zungumza na kichanga, mtazame machoni, mwitikie mapema. Mabibi wa Ngamiani hapa Tanga husema wao walilea kwa mbeleko, bila kupiga soga na mtoto wa mwezi mmoja, na watoto wakashikamana nao vizuri tu.

Mabibi wana ushahidi. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth alianza utafiti wake wa mshikamano, yaani kifungo cha mtoto na mlezi wake, Uganda, 1954, katika nyumba ambamo mtoto hubebwa na wengi. Aidha, utafiti wa Elizabeth Anisfeld na wenzake, New York, 1990, uliwagawa kina mama kwa bahati nasibu: wengine wakapewa mbeleko laini, wengine viti vya plastiki. Kwenye miezi 13, watoto wenye mshikamano salama, yaani wanaomwona mama kuwa kimbilio, walikuwa asilimia 83 kwa waliopewa mbeleko na 38 kwa wa viti. Kisa ni nini? Kilio huja mwisho. Kabla yake mtoto hujinyonganyonga, hutafuta titi, hunyonya ngumi, na aliyembeba huyahisi hayo mwilini mapema.

Lakini kuhisi si kuelewa. Mama anayeuza samaki pale Deep Sea, Tanga, anaweza kumbeba mwanawe kutwa nzima, na kila akifurukuta akampa titi. Mtoto mwenye usingizi, au aliyechoshwa na kelele, anapewa jibu la njaa. Hapo wahimizaji wa mazungumzo wana haki: ana kwa ana, sentimita 20 hadi 30, mtoto akiguna mwigize, kisha nyamaza sekunde kadhaa umwachie zamu. Wengi hushindwa hapo pa kunyamaza.

Lakini nao wahimizaji hao huzidisha. Mtoto akigeuza uso anapumzika, hajanuna. Ukimfuata kwa njuga na vigelegele unamkimbiza. Joseph Jaffe na Beatrice Beebe (2001) walipima upokezanaji wa sauti kwenye miezi 4: uliokuwa wa wastani ndio uliotabiri mshikamano salama kwenye miezi 12. Ule wa kufuatana kwa karibu mno haukufanya hivyo. Mama na mtoto kupishana ni kawaida, muhimu ni kurudiana.

Kwa hiyo sioni sababu ya kumfokea mama asiyeongea na kichanga. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliofanywa na De Wolff na van IJzendoorn (1997) ulikuta uhusiano wa kitakwimu wa 0.24 tu (0 ni hakuna, 1 ni kamili) kati ya wepesi wa mama kuitikia na usalama wa mshikamano. Upo, ila ni wa wastani.

Linalonitia shaka zaidi ni mayaya. Likizo ya uzazi kisheria ni siku 84, hivyo mtoto hukabidhiwa akiwa hajatimiza miezi mitatu, wakati bado anapokea mikono mingi. Tatizo huja dada wa kazi anapoondoka mtoto akiwa na miezi 7 au 8, ndipo hofu ya wageni inapoanza. Ikibidi kubadilisha, mpya aje wiki mbili kabla wa zamani hajaondoka: kwanza acheze naye mama akiwapo, kisha amlishe, kumlaza kuje mwisho. Na aambiwe mtoto huyu akisikia usingizi hufanya nini, sikio analivuta au macho anayafikicha.