Makanisa matatu, ghala moja la korosho, na ugomvi wa viti

Kuna kijiji njia ya kwenda Masasi, jina sitaji maana nina wakwe huko, ukisimama chini ya mwembe wa stendi unayaona makanisa matatu kwa mpigo, moja limeezekwa nusu, la pili lina bati ila sakafu vumbi, la tatu limekamilika lakini mchungaji anafika mara moja kwa mwezi na bodaboda. Waumini wa yote ukiwajumlisha hawajazi hilo moja lililokamilika.

Juzi kati tulizika mzee mmoja huko. Kwaya zote tatu ziliimba, kina mama walikesha jikoni wanasonga ugali hakuna aliyemuuliza mwenzie kabatizwa kwa kuzamishwa au kwa kunyunyiziwa, na kaburi walichimba majirani Waislamu. Safi kabisa. Balaa lilianza matanga yalipoanuliwa, viti. Kila kanisa limeandika herufi zake mgongoni mwa kiti kwa rangi ya mafuta, sasa vikachanganyika, wazee wa kanisa wawili watu wazima kabisa wakanuniana kwa ajili ya viti vya plastiki.

Ndo nikawa nawaza habari ya United Church of Canada. Lile kanisa lilizaliwa Toronto tarehe 10 Juni 1925, wakaungana Wamethodisti, Wakongregesheno na karibu theluthi mbili ya Wapresbiteri, theluthi iliyobaki ikagoma na mpaka leo wapo kivyao. Na msidhani walisukumwa na upendo mtupu, hapana, magharibi kule kwa wakulima wa ngano vijiji vilikuwa vidogo, makanisa matatu kila moja nusu tupu, kama kwa wakwe zangu tu. Wakubwa walikaa vikao miaka ishirini na ushee, wakulima wengine wakachoka kusubiri wakaungana wenyewe hukohuko kijijini.

Ila kilichonigusa mimi ni cha Chown. Huyu S. D. Chown ndo alikuwa mkuu wa Wamethodisti, na Wamethodisti ndo walikuwa wengi, kiti cha moderator wa kwanza, yaani kiongozi wa kanisa lote jipya, kilikuwa kama chake. Akajitoa, akasema apewe Mpresbiteri, George Pidgeon, maana Wapresbiteri ndo walikuwa wametoka na majeraha. Jamani! Huku kwetu mwenyekiti wa kamati ya ujenzi tu umwambie ampishe mwenzie uone.

Kwahiyo mimi naona imani siyo tatizo letu kubwa kama tunavyojidai. Wale wana vipengele 20 vya imani na mchungaji haambiwi ameze kila neno, anatakiwa akubaliane na kiini chake. Askofu hawana, wana mabaraza, na moderator anachaguliwa kwa muda tena siyo lazima awe mchungaji, 1968 walimchagua daktari, Robert McClure, na mwanamke walishambariki uchungaji tangu 1936, Lydia Gruchy. Najua Waanglikana wa Masasi kwa ubani wao na kumwita mchungaji padre hawataelewa kanisa lisilo na askofu, hilo nakubali ni gumu. Lakini viti?

Na kuungana hakumfanyi mtu malaika. Kanisa hilohilo liliendesha shule za bweni ambako watoto wa wenyeji wa asili walikatwa lugha na mila zao. Likaomba radhi 1986 kwa kuwalazimisha watu waamini kwamba wazungu ndo wastaarabu, wazee wa wenyeji wakasema tumesikia ila hawakusema tumekubali, likaja tena 1998 kuomba radhi kwa zile shule zenyewe. Hapo ndo namkumbuka Askofu Lucas wetu wa Waanglikana, aliyeanza uaskofu Masasi 1926, yeye jando hakulipiga marufuku, alilitafutia mahali ndani ya ukristo. Na yeye alikuwa na yake, ila kwa hilo alisikiliza.

Sasa mtaniambia muungano ni ndoto, hata miaka ya 1960 Waanglikana, Walutheri, Wamoravian na wenzao walikaa mezani hapa Afrika Mashariki ikaishia hewani. Sawa. Lakini Zambia hapo jirani waliweza, 1965. Halafu angalieni msimu wa korosho, waumini walewale wa makanisa matatu wanapeleka magunia AMCOS moja, yaani chama kimoja cha ushirika cha wakulima, mzani mmoja, ghala moja, wanasubiri mnada mmoja na kulalamikia makato yaleyale kwa sauti moja. Kwenye hela wanaweza, kwenye Mungu ndo kila mtu na bati lake. Mimi nasema waanze na kidogo, mchungaji mmoja wamlipe kwa zamu akae hapohapo kijijini, mengine ya herufi yatajadiliwa akiwepo.

Shemeji nimemwambia hili akacheka, akasema basi anza wewe kurudisha viti. Kweli viwili vilipanda na sisi kwenye pikapu tuliporudi Mtwara, na kimoja ndo nimekikalia hapa naandika, herufi siyo za kanisa letu.