Mgeni Alipe Ngapi?

Katika maduka ya vikoi ya mtaa wa Gizenga, Mji Mkongwe wa Zanzibar, bei aghalabu haibandikwi. Mwenye duka humtazama mteja viatu na begi, humsikiliza lafudhi, ndipo ataje kiasi. Na mgeni, ambaye ameshausiwa na wenzake kwamba kila anachotajiwa akikate nusu, huvutana naye dakika kumi kwa ajili ya shilingi elfu tano. Jioni mtu huyo huyo hulala Nungwi katika chumba kilicholipiwa kwa dola, bei ile ile iliyoandikwa, wala hakuwahi kuuliza kama anapunguziwa.

Wanaotetea bei ya mgeni wana hoja nzito. Nauli ya boti ya Dar es Salaam na kiingilio cha msitu wa Jozani vina viwango mbalimbali kwa raia na kwa mgeni, na tangu Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar kutoka nje ya nchi hutakiwa kukata bima ya dola 44. Ikiwa Serikali inapima mfuko wa mtu, muuza vikoi ana kosa gani? Kwa maoni yangu kosa lake si kutoza zaidi bali ni kuficha, kwa kuwa kiwango kilichobandikwa mgeni hukikubali au hukikataa akijua anachokataa. Konda wa daladala anayemtoza mzungu mara tatu ya nauli inayojulikana na kila abiria hawezi kujikinga kwa umasikini wake. (Sisi abiria wengine hunyamaza, nami nimo.)

Hata hivyo, mgeni asiyebishana bei naye ana madhara yake. Dikoni, samaki wanaponadiwa, mnunuzi wa hoteli huweza kupandisha dau la pweza na ngisi kwa sababu anajua mlaji wake atalipa, na mama aliyekuja kutafuta kitoweo cha wanawe hurudi na fungu la dagaa. Mvuvi amefaidi kwa haki kabisa. Jirani yake ndiye aliyelipia ukarimu wa mtu asiyemjua.

Kwa hiyo swali la haki haliishii baina ya mgeni na muuzaji. Chumba kile cha Nungwi mara nyingi hulipiwa Ulaya kabla mgeni hajapanda ndege, na sehemu ya fedha hiyo haifiki Unguja kamwe. Lakini anayeambiwa apunguze ni muuza vikoi.