Daftari la Gesti Limehamia Mtandaoni

Aliyewahi kulala gesti za mikoani analijua lile daftari: jina, kabila, kazi, utokako, uendako, namba ya simu, sahihi. Unaandika huku ukiwasoma waliokutangulia. Wa chumba namba 4 katoka Singida anakwenda Tunduma, na ukitaka kumpigia, namba yake hiyo hapo. Sijawahi kumsikia mtu akilalamika, mimi mwenyewe nikiwemo.

Kazi yangu ni kutengeneza tovuti za biashara ndogo. Mwaka jana nilipewa kukarabati ya nyumba moja ya wageni Moshi, inayopokea wapanda mlima. Fomu ya kuulizia nafasi ilitaka tarehe ya kuzaliwa, namba ya pasipoti, picha ya pasipoti yenyewe, na jina la mwajiri. Mwajiri! Nikamuuliza meneja yote hayo ya nini. Akanijibu, "Kaka, mimi niliikuta hivyohivyo."

Vyote hivyo vilikuwa vinaingia kwenye Gmail moja. Nywila yake ilikuwa jina la nyumba na mwaka ilipofunguliwa, imeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa kwa selotepu chini ya meza ya mapokezi. Wahudumu watatu walioshaacha kazi bado wanaijua. Nikaifungua. Namkumbuka mzee mmoja wa Kijerumani, kakunja uso kama wote tunavyokunja kwenye picha za pasipoti. Aliulizia vyumba viwili mwaka 2019, akajibiwa vimejaa. Yeye hakuwahi kufika Moshi, lakini pasipoti yake ilikuwepo bado.

Chini kabisa ya tovuti kulikuwa na sera ya faragha, ndefu, Kiingereza cha mawakili, imenakiliwa mahali. Ilieleza kwa kina haki za wakazi wa California. Sheria hiyo ya California ipo kweli, ilianza kutumika Januari 2020, lakini ya kwetu haikuguswa hata kwa neno moja. Na tunayo: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, inatumika tangu tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ipo. Inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili, na akusanye zile tu zinazohitajika kwa shughuli aliyoitaja. Nikiwaambia wateja wangu hivyo wanacheka. Hayo, wanasema, ni mambo ya mabenki na makampuni ya simu.

Wenzetu Kenya wamewapunguzia wadogo mzigo: kwa biashara nyingi, ukiwa na wafanyakazi wasiofika kumi na mauzo yasiyofika shilingi milioni 5 kwa mwaka, hulazimiki kujisajili. Kujisajili tu lakini. Sheria yenyewe inakubana vilevile. Septemba 2023 klabu moja ya starehe Nairobi ilitozwa shilingi 1,850,000 za Kenya kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake. Hiyo si benki.

Utetezi ninaousikia sana ni kwamba mteja kajaza mwenyewe, hakushikiwa fimbo. Ameshikiwa. Kisanduku chenye kinyota chekundu hakikuruhusu kutuma mpaka ukijaze, na mtu anayetaka bei atajaza chochote. Mgeni akishasimama kaunta na begi lake, kuandika namba ya pasipoti kuna sababu. Huyu bado yuko Munich anauliza kama kuna maji ya moto.

Ndiyo maana sishughuliki sana na sera. Mtu akinipa tovuti yake nakwenda moja kwa moja kwenye fomu, naanza kufuta visanduku. Pale Moshi tulibakiza vinne: jina, barua pepe, tarehe, idadi ya wageni. Kuzifuta pasipoti za zamani kulituchukua siku mbili, maana meneja alikuwa anasita kwa kila moja. "Na wakirudi je?" Nikamwambia wakirudi watakuja nazo mkononi. Nywila tukaibadilisha, na sera tukaiandika upya, aya tatu za Kiswahili na tatu za Kiingereza.

Nilipita tena mwezi wa tatu, nikachungulia chini ya ile meza. Karatasi ipo palepale, selotepu ileile. Imeandikwa nywila mpya.