Jamani msizime, majina bado yanapanda

Mi nina miaka 42, nimeoa, nina watoto watatu, kodi ya nyumba nimeshalipa mara ambazo sitaki hata kuzihesabu, lakini sijawahi hata siku moja kusikiliza muziki wa muvi mpaka mwisho. Sio kwamba sitaki. Nazuiwa. Yani kila nikifika pale steringi kashamzika adui, majina yameanza kupanda kwenye kioo na ule muziki wenyewe ndo kwanza unafunguka, lazima atokee mtu mwenye mkono mwepesi azime. Ukiuliza unaambiwa si imeisha, unasoma majina ya wazungu, unawajua?

Tabia hii imeanzia kibanda umiza. Sisi wa Temeke tumelelewa na kibanda umiza, mabenchi ya mbao, madirisha yamezibwa na magunia, joto la kuchemsha yai, na yule jamaa mwenye deki anahesabu vichwa, kwahiyo muvi ikiisha anataka mtoke muwapishe wengine. Jina la tatu halijapanda ashachomoa kanda, anapiga kelele haya tokeni, mwenye hela ya muvi ya pili abaki. Mi hela sina. Natoka nje muziki umenikwama kooni kama mwiba wa changu, naenda nauimba kwa mdomo njia nzima, tuu-tutuu-tuu, nafika nyumbani mama ananishika shingo kuangalia kama nina homa.

Baadae wakaja madj wa kutafsiri, na hapo sasa ndo picha likaanza. Sina ugomvi na kutafsiri, wengi wetu kiingereza tulikiacha darasani siku tunachukua cheti, na kuna DJ anachekesha kuliko hiyo muvi yenyewe. Ila kunyamaza hawawezi! Ikitokea dakika tatu hakuna mtu anaongea, ni muziki tu unatembea, DJ anajiona kama anadaiwa, anajaza maneno. Anasalimia wateja, anataja duka linalouza sidii zake, anamtania steringi kwamba kavaa suruali ya mdogo wake. Na zile dakika tatu ndo nilizolipia mimi.

Chukua muvi ya Jaws, ile ya papa, ya mwaka 1975. Muongozaji wake, Steven Spielberg, alitengenezewa papa wa mashine, na papa mwenyewe kila akiingizwa kwenye maji ya chumvi anagoma, kama gari la mkopo. Ikabidi sehemu kubwa ya muvi papa asionekane. Sasa papa haonekani, watu utawatishaje? Ndo mtunzi wa muziki, John Williams, akaja na noti mbili. Mbili tu! Mtoto wa chekechea anaweza kuzipiga. Spielberg alipopigiwa mara ya kwanza kwenye piano alicheka, akadhani anataniwa, na utani huo ukaja kumpa Williams Oscar. Zinaanza taratibu, du... du... kimya... du-du... halafu zinakaza, zinakaribiana, na wewe umekaa zako kwenye kochi Tandika, bahari iko kilomita kadhaa, lakini miguu umeshaipandisha juu.

Alafu kuna ujanja mmoja pale ambao niliuona mara ya nne naangalia. Kuna vitoto viwili vinawatania watu kwa pezi la bandia, watu wanakimbia, makelele, wanakanyagana, lakini zile noti hazipigwi! Yani muziki umekaa kimya unakwambia tulia, huyo sio papa. Noti zikilia papa yupo, zisipolia ni utoto. Muziki ndo shahidi pekee asiyedanganya kwenye muvi nzima. Ndo maana mtu anayependa muziki anaangalia muvi na sikio, macho ni ya kusindikiza tu.

Sasa hiyo muvi niliipata ya kutafsiriwa. Dada anaogelea usiku, baharini kimya, noti ya kwanza inataka kutoka, DJ huyo: "Haya wakuuu, papa huyo anakuja kutokea upande wa Feri, dada oga haraka papa hajala toka juzi!" Bwana we. Noti zimezama, dada hajazama. Nilizima mwenyewe, kwa hasira.

Na kijiwe nacho kina matatizo yake. Pale kituo cha bodaboda kuna kaka mmoja mkubwa wetu, kifua hiki hapa, yeye muvi anayoijua duniani ni Komando, ile ya Arnold Schwarzenegger ya 1985. Kaiangalia mpaka anajua anayefuata kufa. Siku moja kanikuta nimeweka muziki wa Titanic kwenye simu, akanicheka mbele za watu, mwanaume mzima unasikiliza vilio vya kwenye meli, njoo usikilize Komando ule ndo muziki wa kiume. Nikamuuliza kwa heshima, kaka, unajua nani katengeneza muziki wa Komando? Akasema Arnold. Nikamwambia hapana, ni James Horner. Na Titanic ya 1997 nani? James Horner huyohuyo. Kijiwe kizima kimya. Kaka akawasha pikipiki akaondoka bila abiria, siku mbili hatuongei.

Na wala sikuwa namkandia. Muziki wa Komando ni kichaa mzuri sana, ukiusikiliza vizuri kuna yale mapipa ya chuma ya Trinidad yanayopigwa kwa virungu, ile sauti ya raha, ya ufukweni, mtu ameshika dafu. Horner kaichukua raha ile kaimwaga juu ya mtu anayevunja watu shingo. Kichwa kinachanganyikiwa, uogope au ukacheze? Na mkono huohuo miaka kumi na mbili baadae unamchukua dada wa Norway, Sissel, anaimba bila kusema neno hata moja, meli inazama, na wewe koo limekauka na hujui hata umeambiwa nini.

Sasa sikiliza hii ndo inayoniuma. Muongozaji, James Cameron, hakutaka wimbo wa kuimbwa mwishoni mwa Titanic. Hakutaka kabisa. Horner akaenda kimyakimya akautengeneza na Will Jennings aliyeandika maneno, Celine Dion akaurekodi kama majaribio tu, alafu Horner akawa anaivizia siku ambayo bosi kaamka vizuri ndo amsikilizishe, kama mimi ninavyovizia kuomba advansi. Bosi akakubali, na sauti ile ya majaribio ndo tuliyoililia dunia nzima. Na wimbo umewekwa wapi? KWENYE MAJINA! Pale majina yanapopanda! Kwahiyo miaka yote ile yule jamaa wa kibanda alikuwa anamzima Celine Dion, mtu katoka huko Kanada mpaka Temeke anataka kufungua mdomo, yeye anachomoa kanda. Mi niliujua wimbo huu kwenye harusi za watu.

Na harusini nako ni balaa lilelile. Ule wimbo wa Whitney Houston, I Will Always Love You, kwenye muvi ya The Bodyguard ya 1992, ambao asili yake ni wa Dolly Parton, unaanza kwa sauti tupu, hakuna ala hata moja, na steringi wa muvi hiyo, Kevin Costner, ndo aliyeng'ang'ania uanze hivyo. Kapigania ukimya ule. MC wetu akiusikia ule ukimya anadhani mitambo imeharibika, anaingia na maiki, "makofi kwa bwana harusi jamaniii". (Na kwanza ni wimbo wa kuagana, mnamuwekea bwana harusi wa nini, ila hayo tuyaache.)

Mama yangu ndo mtu pekee aliyenielewa, na nikamharibia. Yeye ni wa zama za Avalon na Empire, yale majumba ya sinema ya mjini, wanavaa wanapendeza wanaenda kuangalia picha la kihindi, kihindi hajui zaidi ya neno pyaar, yani mapenzi, lakini analia kuanzia wimbo wa kwanza. Sholay ya 1975 kaiangalia sijui mara ngapi, pale Amitabh Bachchan anapopuliza kinanda cha mdomo jioni, yule mjane anazima taa moja moja barazani, mama anashika kanga analia kabla hata hajalia mwenye msiba. Mtunzi wa muziki ule ni R.D. Burman, na kwenye picha hilohilo kuna wimbo wa kwenye dansi la majambazi kauimba mwenyewe, sauti imekwaruza kama katoka kulia. Ndo miziki hiyohiyo watu wa taarabu wa pwani waliichukua wakaitilia maneno ya Kiswahili, mtu wa Mombasa kama Juma Bhalo ukimsikia unaweza kuapa yuko Bombay.

Basi mi kwa kiherehere changu nikamwambia mama, unajua hao dada hawaimbi? Wanafungua mdomo tu, anayeimba ni Lata Mangeshkar yuko studio, kawaimbia mabibi mpaka wajukuu. Mama akaniangalia sana. Akasema na wewe baba yako alikuwa hivyohivyo, hapendi mtu afurahi.

Nyumbani kwangu ndo usiseme. Nilinunua sabufa kwa ajili ya mtu mmoja tu, Ennio Morricone wa Roma, mtunzi wa muziki wa muvi, yule aliyekuwa hahami kwenda Hollywood, wao ndo wanamfata. The Good, the Bad and the Ugly, muvi ya makauboi ya 1966, wimbo mmoja uleule wa kulia kama mbweha wa jangwani, akija mzuri inapigwa filimbi, akija katili inapigwa okarina, kile kifilimbi cha udongo, akija yule mchafu zinalia sauti za watu. Kwahiyo hata ukifumba macho unajua nani kaingia. Nimevizia mama watoto kaenda vikoba, nimefunga mlango, nimekaa. Mwanamke anaitwa Edda Dell'Orso ameanza kupandisha sauti, jamaa anakimbia makaburini anatafuta dhahabu, nywele zimenisimama, nikasikia ngo ngo ngo ukutani. Jirani wa chumba cha pili. "Baba watoto, kwako kuna msiba?" Nikapunguza. Mama watoto karudi, kaona majina yanapanda, kazima, kaweka tamthilia.

Watoto nao ni Lion King asubuhi mchana jioni. Ile sauti ya mwanzo ni Lebo M wa Afrika Kusini, anaimba Kizulu, mwanangu anang'ang'ania ni Kiswahili cha Mbeya. Simba Kiswahili, rafiki Kiswahili, hakuna matata Kiswahili, basi na hiyo pia. Nimwambie nini, wakati hapa kwetu ukimsikia mtu anasema hakuna matata ujue anauza safari, sisi wengine tunasema hamna shida.

Lakini huyu mwanangu wa miaka tisa ana sikio. Nilimfundisha zile noti mbili za papa, siku moja tu. Kesho yake kachukua simu yangu kamuwekea mwenye nyumba. Yani mzee akipiga, du... du... du-du-du-du, kodi inakuja kutokea chini ya maji. Nikaiacha, ilinifaa, naijua simu ya kutopokea hata nikiwa bafuni.

Juzi mzee kaja mwenyewe bila kupiga. Kodi ya miezi miwili. Nimekaa barazani, naona kofia yake inakuja juu ya ukuta, haina mwili, pezi kabisa. Na mwanangu pembeni kaanza, kwa mdomo, taratibu, "du... du..." Namkonyeza nyamaza. Mzee anakaribia, mtoto anakaza, "du-du-du-du-du-du", mzee kafika mlangoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Huyu mtoto anaimba nini?"

Kijasho. Nikamwambia ni... muziki tu mzee, wa muvi moja hivi ya zamani.

Mzee kainamisha kichwa, kasikiliza. Kamwambia mtoto hebu rudia babu. Mtoto karudia, mzee anatikisa kichwa polepole, macho kafumba, kasikiliza mpaka mtoto kachoka mwenyewe. Mtu wa kwanza maishani mwangu kuuacha muziki uishe!

Akasema, "Una uzito huo. Hebu nirushie na mimi niweke kwenye simu."

Nikamrushia, ningefanyaje. Kaniongezea na wiki mbili za kutafuta kodi. Sasa hivi kaweka sauti mpaka mwisho, akiwa bado yuko kona ya duka la mangi mtu akampigia, nyumba nzima vyumba sita tunasikia du... du..., na wote tunaingia ndani tunafunga milango.