Kwaya za Kifeministi za Marekani: Nani Aimbe, na Kiimbwe Nini

Catherine Roma alipoanzisha kwaya ya Anna Crusis mjini Philadelphia mwaka 1975, wafeministi wa Marekani, yaani watetezi wa usawa wa wanawake, walikuwa wameshazoea maandamano na vijarida, lakini kwaya iliyojitangaza kuwa ya kifeministi ilikuwa bado jambo geni. Kwaya zilizofuata hazikukubaliana juu ya swali moja: je, kwaya ya namna hiyo ijitaje wazi kuwa ya wasagaji, au iwakusanye wanawake wote wenye msimamo mmoja?

Artemis Singers ya Chicago, iliyoanzishwa mwaka 1980, ilichagua kujitaja. Uamuzi huo ulikuwa na gharama, kwa kuwa wakati ule hapakuwa na sheria ya jiji wala ya jimbo la Illinois iliyomzuia mwajiri kumfukuza msagaji kazi. Ulinzi wa jiji ulikuja mwaka 1988, na ule wa jimbo ukaanza kutumika mwaka 2006. Lakini kukaa kimya nako kulikuwa na gharama yake. Mwaka 1969 Betty Friedan, aliyekuwa rais wa NOW, chama cha kitaifa cha kutetea haki za wanawake, aliwaona wasagaji kuwa tishio kwa harakati zilezile walizokuwa wakizitumikia, na waliokumbuka hayo hawakuwa na sababu ya kuamini kwamba katika kundi la wote wangepewa nafasi yao.

Upande wa pili una hoja nzito pia. Roma alihamia Cincinnati, na mwaka 1984 akaanzisha MUSE, ambamo wasagaji na wanawake wengine huimba pamoja, huku kwaya ikijitahidi kwa makusudi kuchanganya wanawake weusi na weupe. Mwaka 1993 wapiga kura wa jiji hilo walipitisha kifungu kilichozuia sheria za kuwalinda mashoga na wasagaji, nacho kilidumu hadi mwaka 2004. Katika mji kama huo, mwanamke mwenye mume anayesimama jukwaani bega kwa bega na msagaji hufikisha ujumbe kwa watu ambao tamasha la Artemis lisingewapata kamwe. Hasara yake ni kwamba msikilizaji anaweza kupiga makofi usiku kucha bila kujua anamshangilia nani.

Kwa maoni yangu, hata hivyo, ubishi wa nani aimbe umefunika jambo zito zaidi, yaani kiimbwe nini. Artemis huimba kazi zilizotungwa au kupangwa sauti na wanawake tu. Wakosoaji watasema sharti hilo linamtupa nje hata Brahms, mtunzi Mjerumani aliyeongoza kwaya ya wanawake mjini Hamburg na kuwatungia, na kwamba linapunguza nyimbo za kuchagua. Ni kweli, lakini upungufu huo ndio unaoilazimisha kwaya kutafuta watunzi waliosahauliwa na kuomba kazi mpya. Tena mtunzi haulizwi anampenda nani, kwa hiyo kwaya inayoonekana kujifungia imeacha upenyo mpana katika muziki wake. (Hilo neno “kupangwa” linaruhusu hata wimbo wa mwanamume kuingia, mradi mwanamke ndiye aliyepanga sauti zake, jambo ambalo wenye msimamo mkali wangelipinga.)

Sasa Anna Crusis hujiita kwaya ya kifeministi badala ya kwaya ya wanawake, ili wasiojiita wanawake nao wapate nafasi. Wakifuatwa na wengine, itabidi sharti la watunzi nalo lifikiriwe upya.