Duka limekufungia kisa VPN, nani ana haki hapo?

Ukiingia na VPN (app inayopitisha intaneti yako sehemu nyingine ili uonekane uko huko) kwenye haya maduka makubwa ya mtandaoni ya Marekani na Ulaya jiandae kukuta ukurasa mweupe unakwambia huruhusiwi kuingia, au unapewa vile vipicha uchague vyenye taa za barabarani, ukimaliza vinakuja vingine, na hapo hata kununua hujaanza, ulikuwa unacheki tu bei ya viatu.

Wenye maduka nao tusiwaonee. Mwizi akinunua simu kwa kadi ya mtu, mwenye kadi akilalamika benki inamrudishia hela yake, na mara nyingi anayekatwa ni muuzaji wakati mzigo ushaondoka kitambo. Na tapeli anaipenda VPN maana kadi ya mtu wa Texas inabidi ionekane inatumika Texas. Halafu IP moja ya VPN, yaani namba inayokutambulisha mtandaoni, mnaitumia watu kibao, mmoja akiharibu wote mnaonekana wezi.

Ila tapeli mzoefu wala hahangaiki na hizi VPN zetu, ananunua njia ya kupitia intaneti za majumbani mwa watu na duka linamuona mteja wa kawaida kabisa. Mwaka 2015 ilibainika kuwa Hola, VPN ya bure, ilikuwa inauza intaneti za watumiaji wake kupitia huduma yake ya Luminati, yaani unajificha kumbe kuna mtu anapita mgongoni kwako. Kwa hiyo wanaonaswa zaidi ni watu kama wa Bongo ambao tangu mtandao wa X (Twitter ya zamani) ufungwe Mei 2025 VPN iko on kutwa nzima, wameshasahau hata kuizima.

Na sisi pia tusijidanganye, namba ya kadi tayari inalindwa na https (ile inayoficha taarifa kati yako na tovuti), VPN inaficha uko wapi na unaingia wapi basi. Ukishaagiza mzigo unaandika mwenyewe jina, simu na anwani, sasa unamficha nani?

Ndo maana mi naona ukaguzi ukae kwenye malipo, benki itume namba ya kuthibitisha kwenye simu ya mwenye kadi, ila mtu anayeangalia bei tu aachwe aangalie. Kwa sasa app nyingi za VPN zina sehemu ya kuchagua app gani isipite humo, itoe ya duka, ingawa hapo duka litajua uko wapi.